Gari Haiazimwi Tena

Kabla hajapiga mswaki, kabla hata hajajua kama chai ipo, Zahran alikuwa keshafungua boneti. Alifanya hivyo kila asubuhi aliyojaaliwa na Mola. Watu wa Mtambile waliokuwa wakimpita kwenda sokoni walimtania kwamba mwalimu kaoa mke wa pili na hataki kusema. "Mwalimu, bi mdogo kaamkaje?" mmoja angeuliza. Naye angecheka kwa adabu, akichomoa kijiti cha oili na kukipangusa kwa kitambaa, ilhali moyoni hakuwa na mahaba yoyote. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule ambao usingizi hauutoi.

Gari yenyewe ilikuwa Prado aliyoachiwa na marehemu baba yake, na baba naye aliinunua ikiwa imeshawatumikia wengine kwa miaka. Saa ya kilomita ilikwishaacha kuhesabu, nadhani kwa kukata tamaa. Ukibadilisha bushi za mbele, shokapu za nyuma zinalia. Ukizibembeleza za nyuma, mlango unagoma kufunga. Mtu mwenye akili timamu angeiuza zamani au angeiacha iote majani uani.

Zahran hakuweza, kwa sababu ya Ghada. Ghada alikuwa binti yake wa pekee, alizaliwa na sikoseli, na maumivu yake hayakuwa na hodi. Mtoto angekuwa anacheza kibarazani, mara angeketi kimya, mara angeanza kulia akishika miguu, na hapo hapana muda wa kusimama njiani kungoja gari ya abiria. Watu wengine huweka akiba ya mchele ndani. Zahran aliweka akiba ya gari inayowaka. Akigeuza ufunguo na injini ikaitika, ndipo aliporudi ndani kunywa chai.

Shida ni kwamba gari haikuwa yake peke yake. Alipozaliwa yeye, mama yake aliugua homa ya uzazi, na aliyemnyonyesha ni Bi Tatu wa Kengeja, pamoja na mwanawe Kificho aliyekuwa anakaribia kuachishwa ziwa. Kwa hiyo Zahran, mtoto wa watu waliokuwa na mashamba ya mikarafuu mpaka macho yachoke, na Kificho, mtoto wa wavuvi na wakulima wa muhogo, walikuwa ndugu wa kunyonya, ndugu kwa sheria na kwa mapenzi. Mashamba yalikwenda na wakati wake. Gari ndiyo iliyobaki, na watu wa Kengeja hawakuwa wakiiomba. Walimjulisha siku tu.

Ilibeba maharusi. Ilibeba wagonjwa, mikungu ya ndizi, magunia ya muhogo, na safari moja mbuzi wa akika aliyetafuna kitambaa cha kiti cha mbele huku dereva akimsifu kwa utulivu. Na haikurudi hivi hivi. Kwa Wapemba waliolelewa vizuri, ukiletewa bakuli la mchuzi hulirudishi tupu. Utalitia japo embe mbili, japo kipande cha muhogo. Basi na gari nayo ilirudi imeoshwa, ina ndizi nyuma, na rejeta imejazwa maji hadi shingoni. Dizeli ndiyo waliyoisahau.

Mchana mmoja wa kiangazi, Zahran akirudi kutoka shuleni, mshale wa joto ulipanda ghafla, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Alisimama pembeni, akazima, akakaa ndani mikono ikiwa bado kwenye usukani. Alimshukuru Mungu kwamba Ghada hakuwemo. Kisha akafikiri, je, angekuwemo? Wazo hilo lilimkata maini. Alitafuta gari ya kumvuta mpaka gereji kwa Jabir.

Jabir alikuwa fundi aliyesoma naye darasa moja, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Alingoja injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yaliyomo yalikuwa na rangi ya matofali. Akachovya kidole, akakigusisha na ulimi, akatema.

"Chumvi hino!" alisema. "Bwana weye, humu wapika mchuzi?"

"Chumvi imetoka wapi? Mimi natia maji ya rejeta ya dukani."

"Weye watia ya dukani. Na wenzio watia ya wapi?"

Zahran alikuwa keshakiona akilini kisima cha pwani kule Kengeja, kile cha karibu na mikoko, ambacho maji yake yana ukakasi na wenyewe wamekizoea toka utotoni. Aliona na ndoo ikivutwa, na mtu aliyekunja kanzu yake akimimina taratibu ili yasimwagike hata tone.

Walifanya kazi hiyo likizo nzima, Jabir kwa sababu ndiyo riziki yake, Zahran kwa sababu nyumbani hakutulia. Rejeta ilikuwa imelika kama kitambaa cha zamani. Pampu ya maji imeoza. Gasketi ya silinda hedi ilikwishaanza kupitisha maji, na hedi yenyewe imepinda kidogo, ikapelekwa Unguja kusawazishwa na kurudi kwa meli. Wakaisafisha injini njia zote za maji mpaka yanayotoka yakawa meupe. Wakabadilisha mipira, belti, filta zote, oili, plagi za kupashia joto. Zahran alirudi nyumbani kila jioni mgongo umekakamaa, kucha nyeusi, na mkewe Shamima akimwekea maji ya moto.

Siku ya kuiwasha, iliitika mara moja. Jabir alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakunja uso.

"Nikwambie kweli, Zahran. Mara hino imenusurika. Ikichemka tena, utaifugia kuku."

Wiki haikuisha, Kificho akaja. Alipiga hodi akiwa na mkungu wa ndizi begani, akautua kibarazani, akavua viatu.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, kaka. Karibu. Kwema huko?"

"Kwema, alhamdulillahi. Ghada je? Hajambo mwanangu?"

"Hajambo. Yuko chuoni, anasoma Kurani."

"Mungu ampe afya." Kificho alipokea kahawa, akainywa kwa raha ya mtu mwenye habari njema. "Miye nimekuja na la kheri. Mwanangu Mwanabaraka nnamuoza Ijumaa hino inayokuja. Mume mtu wa Kisiwa Panza, kijana mzuri, mvuvi. Nikah baada ya sala, na jioni bibi harusi ateremshwe pwani akapande mashua kwa mumewe. Nataka ateremke na gari yetu."

Gari yetu. Zahran aliangalia ndani ya kikombe chake. Alikuwa amelikariri jibu lake siku kadhaa, akiwa chini ya gari, akiwa bafuni, akiwa anasahihisha madaftari, na kila mara lilikuwa jepesi.

"Gari haiazimwi tena, kaka."

Kificho alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha. "Imeharibika?"

"Imetengenezwa. Ndiyo sababu."

Akamweleza. Alimweleza habari za rejeta, za hedi, za maji ya chumvi yanavyokula chuma, na aliposikia sauti yake mwenyewe alijua ni ile anayoitumia darasani kwa mtoto aliyekosea hesabu. Hakuweza kuisimamisha. Alisema kwamba Ghada akizidiwa na gari isiwake, hatamsamehe mtu. Hilo la mwisho hakulikusudia.

Kificho alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili. "Maji ya kisimani? Siye twayanywa yale."

"Nyinyi mwayanywa, kaka. Injini haiwezi."

"Miye ndo n'notia. Kwa mkono wangu. Nnaona haya kukurejeshea chombo hivi hivi." Uso ulikuwa umemshuka, na kwa mtu mwenye umri wake na mvi zake hilo halikuwa jambo la kutazama. Aliweka kikombe chini polepole. "Basi tumekudhulumu, na hatujui. Utusamehe."

"Sikusema mmenidhulumu."

"La, umefanya vyema kusema." Akavaa viatu. "Mungu akuhifadhie mtoto."

Ndizi aliziacha. Zahran alikaa kibarazani akihisi wepesi, wepesi wa kweli, kama mtu aliyetua gunia. Ulidumu mpaka Shamima alipotoka na kuuliza Kificho kaenda wapi mbona chakula ki karibu. Toka hapo hakuupata tena.

Ijumaa hakwenda harusini. Alimtuma Shamima apeleke zawadi siku moja kabla, akasingizia mafua, na kila mtu alijua kwamba hana mafua yoyote. Alisali Mtambile, safu ya nyuma, akatoka haraka. Alipofika nyumbani, Ghada alikuwa ameketi kwenye mkeka mikono tumboni, midomo imepauka, macho yameingia njano.

"Baba," alisema, "yamekuja."

Shamima, mwenye mimba kubwa, alimsaidia kumlaza kiti cha nyuma. Injini iliitika kwa kugusa tu. Zahran alikanyaga mafuta, na gari ile kongwe ikapanda vilima vyote kama iliyozaliwa jana. Mshale wa joto ulikaa katikati pale pale, hautikisiki. Haikukohoa, haikutetemeka. Kwa kitambo kidogo, huku mtoto akilia nyuma yake, alijisikia fahari, kisha akaona haya kwa fahari hiyo. Lakini alikuwa amesema kweli, sivyo? Gari ilikuwa tayari. Alichokipigania kilikuwa hiki.

Hospitalini walipokelewa upesi. Daktari, mwanamke mpole, alirudi na majibu akasema damu ya mtoto imeshuka mno, ataongezewa jioni hii hii, na jamaa waje kuchangia kama kawaida. Zahran akakunja mkono wa shati. Daktari alimkumbusha kwamba alitoa karibuni tu, hawawezi kumchukua tena. Shamima hakuwa hata wa kuulizwa.

"Wale ndugu zenu wa Kengeja," daktari alisema. "Wale huwa wengi."

Ndiyo, huwa wengi. Mara zote zilizopita Zahran alimlaza mtoto, akageuza gari, akaenda Kengeja, na kabla hajazima injini wanaume walikuwa wanapanda. Waliketi wanane mahali pa watano, mikono ya mashati imeshakunjwa, wakitaniana nani ana damu nzito. Hakuwahi kuwaomba. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku angehitaji kuwaomba.

Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Piga," Shamima alisema.

"Leo anaoza. Nimemnyima gari ya kumpeleka mwanawe pwani, leo nimpigie anipe damu?"

"Huwezi?"

"Siwezi. Nimechoka, Shamima. Hata uso sina."

Shamima hakubishana naye. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akajikongoja mpaka dirishani. Zahran alisikia salamu, akasikia jina la Ghada, akasikia vigelegele vikipasuka upande wa pili wa simu na kisha kuzimika. Alifunika uso kwa viganja. Alitaka kwenda kuwachukua, lakini Ghada alikuwa amemshika kidole hamwachi, na alijua fika kwamba hata asingeshikwa angeogopa kutokeza pale uwanjani mbele ya watu.

Walikuja kwa gari ya abiria, ile ya mbao nyuma, wamesimama wameshikilia vyuma. Kificho aliteremka wa mwanzo, kanzu yake nyeupe imeingia vumbi mpaka magotini, bado ananukia udi. Nyuma yake waliteremka wanaume wengine watano, wote wa harusini, na Haitham, mdogo wa bwana harusi, ambaye hata hakumjua Ghada.

"Kaka," Zahran alianza. "Leo siku yako..."

"Nikah ishafungwa. Wapi panapotolewa?"

Walilala kwenye vitanda, wakatoa, wakapewa juisi, wakainywa wakikunja nyuso kwa utamu wake. Jua lilikuwa limeteremka damu ilipoanza kuingia kwa Ghada tone kwa tone, naye akalegeza kile kidole cha baba yake, akalala. Zahran alimwangalia mpaka alipohakikisha anapumua sawasawa. Kisha akatoka nje mbio.

Aliwakuta langoni, Kificho amebana pamba kwenye kiwiko, wanatazama barabara ambayo wakati kama ule magari yake ni ya kubahatisha. Zahran alitoa ufunguo, akauleta kwa mikono miwili.

"Chukueni gari. Tafadhali, kaka. Mwanabaraka bado hajateremshwa. Chukueni, mkae nayo hata wiki."

Kificho aliutazama ufunguo, hakuugusa. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Zahran aliitafuta sana.

"La, Zahran. Hino gari ya Ghada. Uliyosema ya kweli, na siye tumesikia."

"Basi niwapeleke mwenyewe."

"Na mtoto akigeuka hali, mamake na mimba yake atamkimbiza na nini? Kaa na mwanao. Bibi harusi tushamtafutia punda na gari lake, wamelipamba vizuri, utalipenda."

"Nakuomba, kaka."

"Usiniombe, utanitia haya." Alimpiga bega kidogo, kwa upole ule ule wa siku zote, ila sasa kama anavyompiga mgeni. "Na usije ukaona tabu kupiga simu. Ikitakiwa damu, siye twaja wenyewe."

Hawakungoja tena gari ya abiria. Wakaanza kutembea ukingoni mwa barabara, kanzu zao nyeupe zikifuatana, mmoja akisema jambo na wengine wakicheka, wakapinda kona. Zahran alibaki langoni na ufunguo mkononi. Gari ilikuwa nyuma yake, nzima, tangi limejaa, na hakuna aliyeitaka.