Njema Kwanza, Mengine Baadaye

Kahaso alikuwa na wasiwasi mmoja tu, na wasiwasi huo ulikuwa Doha. Mwanawe Dorothy, aliyekwenda huko kufanya kazi za nyumbani, mwaka wa pili sasa, alikuwa amekonda. Kwenye simu ya video shingo ilibaki mifupa, na kila akicheka hujishika ubavu wa kulia. Lakini muulize sasa! Hujambo? Sijambo. Hali? Njema. Huumwi? Mzima kabisa, mama, sijui wewe.

Na Kahaso atamlaumu vipi, naye ndiye aliyemfunza? Huku kwetu Likoni mtu hata awe amebebwa kwa machela, ukimuuliza hali atakwambia njema. Ndiyo adabu. Habari mbaya haitangulizwi; husubiri salamu ziishe, mtu akae, anywe maji, ndipo ashushe pumzi aseme, "Njema, lakini..." Hiyo lakini ndiyo habari yenyewe. Sasa simu ya Doha haina kiti wala maji. Dorothy hupiga Jumapili, mamake akitoka kanisani, na kabla hiyo "lakini" haijafika, tajiri wake kashamwita.

Jumapili moja Dorothy akasema anamkatia mamake bima ya matibabu, na kwamba mtu atapiga simu kutoka Nairobi amuulize maswali mawili matatu. Kahaso alifurahi mno. Siku ya simu alivaa leso mpya, kana kwamba ataonekana.

Akapiga binti mwenye haraka zake. Salamu yenyewe aliitupa tu, kisha akaanza: una presha? Una sukari? Kuna dawa unazomeza kila siku? Jamani, presha Kahaso anayo mwaka wa sita, na vidonge vyenyewe vilikuwa pale pale, vimefungwa kwenye pindo la leso. Lakini mtu hajakuuliza hata umeamkaje, utamfungulia maradhi yako? Akajibu salama, salama, hatujambo kabisa, twamshukuru Mungu, huku akingoja salamu ziishe aseme yake. Binti akashukuru, akakata simu.

Siku tatu baadaye akaja Roseline na fomu ya kutia sahihi. Roseline ni mtu wa Busia, jirani yake hapo mtaa wa Shika Adabu, na ndiye wakala wa bima hiyo. Akaisoma kwa sauti: presha, hana, dawa za kila siku, hana. Akaishusha karatasi, maana dawa hizo mara ngapi amemnunulia yeye mwenyewe? Hakumgombeza. Alimweleza polepole kwamba akitia sahihi hapo, siku atakayoanguka bima itamkana.

"Mama Dorothy," akasema, "hawa hawakusalimii. Wanakuuliza."

Basi Kahaso akayatoa yote. Presha, mguu wa kushoto unaokufa ganzi, hata ile siku ya Krismasi alipoanguka jikoni akainuka kimya kimya. Roseline akaandika upya. Alisema kadi itachelewa, na huenda presha ikangojewa miezi kadhaa kabla ya bima kuilipia, lakini itakuwa kadi ya kweli.

Alipoondoka, Kahaso alibaki ameketi pale pale. Mficha maradhi, kifo humwumbua: methali hiyo amewaambia watu wote wa mtaa, akajisahau mwenyewe. Akamsahau na mwanawe.

Jumapili simu ikalia. Dorothy akaamkia, shikamoo mama, hujambo? Kahaso hakuitikia, na moyo ulimwuma, kwa maana kwetu anayenyimwa salamu ni adui.

"Leo hatusalimiani," akasema. "Ubavu huo unakuuma tangu lini?"

Dorothy akajaribu kucheka, akauliza tena hali ya nyumbani.

"Mimi nina presha, mguu unakufa ganzi, na Krismasi nilianguka jikoni. Yote nimeyaandikisha. Haya, zamu yako."

Ndipo Dorothy akalia. Ni tangu mwezi wa nne, na usiku ndiyo balaa zaidi. Kadi ya hospitali anayo tangu siku za kwanza, tajiri wake alimpa mkononi, naye akaiweka chini ya godoro. Aliogopa kwamba akionekana mgonjwa atapandishwa ndege arudishwe, na hapo bima ya mamake ailipie nani?

Kahaso alishikwa na uchungu na hasira kwa pamoja. Mtoto anamkatia mzazi bima, yake ameilalia!

"Kadi yangu itanifaa nini, Dorothy, nikija kukupokea ndani ya sanduku? Itoe hiyo kadi. Kesho umwambie tajiri wako."

Jumanne asubuhi, Kahaso anakanda unga wa mahamri, simu ikaita. Nyuma ya Dorothy kulisikika watu wakiitwa mmoja mmoja. Ulimi wa Kahaso ulikwishaanza hujambo kwa mazoea, mwanawe akamkatiza.

"Mama, ni mawe kwenye nyongo. Nitapasuliwa Alhamisi. Tajiri ndiye aliyenileta, na amenigombeza kwa kunyamaza." Akavuta pumzi. "Naogopa, mama."

Kahaso aliketi chini, unga mikononi, machozi yakimtoka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Karibu miaka miwili ya simu, na hii ndiyo habari ya kwanza mwanawe kumpa bila kuulizwa.

"Hata mimi naogopa," akamwambia. "Haya, nieleze yote."