Mara Tano kwa Jibu Moja

Kila Jumatatu, Ndanu alipofungua faili alilotumiwa la vipimo vya friji ya chanjo, alikuta mstari mmoja au miwili imekatika. Tarehe ipo, saa ipo, lakini nyuzi joto zimeishia kwenye nukta. Programu hiyo aliiandika mwenyewe, na alipoijaribu nyumbani kwake Syokimau haikuwahi kukosea.

Alipochoka kukisia, alisafiri hadi Machakos mjini, kwenye duka la dawa za mifugo la Mama Habon lenye friji hiyo, akaketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe na kutazama.

Saa nne, mkulima kutoka Mwala aliingia kuulizia chanjo ya mbuzi. Mama Habon akataka kumhakikishia kwamba dawa haijapata joto. Akabonyeza vitufe vya Control na C kwenye kompyuta, programu ikazimika, akafungua faili, kisha akaiwasha tena.

"Huwa unaizima hivyo kila mara?" Ndanu aliuliza mkulima alipoondoka.

"Si wewe ulinifunza? Nimeharibu?"

"Hapana, mama. Kosa ni langu."

Alimweleza kwamba kubonyeza kule hutuma ishara ya kusimamisha programu. Ikifika katikati ya kuandika, mstari unabaki nusu. Akaongeza maagizo machache: kabla ya kuandika, programu izuie ishara, ikimaliza mstari, iifungulie.

Ili waone, akaifanya iandike polepole mno, na kwa jaribio hilo, badala ya kuzimika, iseme "Nimesikia" kila ishara inapopokelewa.

"Bonyeza sasa."

Mama Habon akabonyeza mara tano. Kimya. Mstari ulipokamilika, neno likatokea: Nimesikia. Mara moja tu.

"Na zile nne zimeenda wapi?"

Ndanu hakuwahi kujiuliza. Alifungua mwongozo, akasoma mara mbili. Ishara ikizuiwa, mfumo huweka alama tu kwamba kuna inayongoja. Hauhesabu.

"Kumbe inajua nimekuja," Mama Habon akasema, "lakini haijui nimebisha mara ngapi."

"Ndiyo hivyo hasa!"

Wiki tatu mfululizo mistari ilifika mizima. Ya nne, Mama Habon alipiga simu.

"Ndanu, stima ikipotea ghafla katikati ya mstari, kuna ishara yoyote inatumwa?"

"Hapana, hakuna..." Ndanu akavuta daftari. "Ngoja, mama. Usikate."