Baisani wa Kununuliwa

Hakuna mtu katika mji mdogo wa Corley aliyekuwa amekata nyama nyingi ya baisani kumshinda Marlys Tveit, na hakuna hata kipande kimoja kilichokuwa chake. Bucha lake lilikuwa nyuma ya nyumba, na kila msimu wawindaji walimletea wanyama wao hapo. Mara nyingi walikuwa kulungu, na mara mojamoja baisani, yule nyati wa Amerika, dume zito lenye nundu na manyoya kama zulia lililolowa. Marlys alichuna, akakata, akafunga, akaosha meza. Kisha aliingia ndani kumkaangia kaka yake Orrin soseji za kulungu.

Wawili hao walikuwa wakiomba kibali cha kuwinda baisani tangu Orrin alipokuwa na nywele. Vibali vilikuwa vichache mno, waombaji maelfu, na mambo yaliamuliwa kwa bahati nasibu. Ila kila mwaka ukikosa uliongezewa pointi, na wenye pointi nyingi walitangulizwa mbele. Orrin na Marlys waliomba kama jozi. Mama yao aliwafundisha wote wawili kulenga shabaha siku ileile, kwenye shimo la changarawe nje ya mji, na tangu hapo hawakuona maana ya mmoja kupanda mlimani kuwinda bila mwenzake.

Mwaka ule walikuwa wamekaribia kabisa. Na ilibidi iwe mapema, kwa sababu vumbi la mgodi lilikuwa limeyala mapafu ya Orrin. Sasa alitembea akivuta mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, uliomfuata kila mahali kama mbwa.

Theluji ilikuwa inaanza kuyeyuka pale Dell Yoakum, fundi wa matairi, alipoingia buchani bila hodi.

"Marlys, umesikia? Wametufuta!"

"Wamemfuta nani?"

"Sisi wote! Idara ya wanyamapori imebadili kanuni. Pointi zote sifuri. Wewe na mtoto aliyeomba jana mko sawa. Halafu nusu ya vibali wanapewa wenye ranchi, eti kwa sababu baisani wanawalia majani yao. Na wanaruhusiwa kuviuza!"

"Kumuuzia nani?"

"Unaniuliza mimi? Mtu wa mbali mwenye ndege yake."

Orrin, aliyekuwa akinywa kahawa pembeni, aliweka kikombe chini. "Basi. Mimi nimekwisha," alisema.

"Hujakwisha," Marlys akamjibu. "Malizia kahawa yako."

Mkutano wa wananchi, kabla wajumbe wa idara hawajaipigia kanuni hiyo kura ya mwisho, ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule, chini ya pete za mpira wa kikapu. Watu walijaa hadi wakasimama kwenye ngazi. Zamu ya Marlys ilipofika, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sikuja kuomba hisani," alisema. "Mlituambia tupange foleni, tukapanga. Tumezeeka humo kwenye foleni. Leo tumefika dirishani, mnatuambia dirisha limehamia kwa Royce Lindell."

Watu walicheka, na Royce mwenyewe, mwenye ranchi kubwa kuliko zote bondeni, alicheka pia akiwa safu ya pili.

"Mama, muda wako umekwisha," mwenyekiti alisema kwa upole.

"Nimewasubiri tangu nikiwa msichana. Na nyie mtanisubiri nimalize."

Kipaza sauti kikazimwa. Hawakujua wamemzimia nani. Marlys alikuwa mtu wa kuongea juu ya mlio wa msumeno wa mifupa siku nzima, na maneno yake yote yaliyobaki yalisikika mpaka kwenye maegesho. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Kisha wajumbe wakapiga kura, na kanuni ikapita vilevile.

Asubuhi iliyofuata alitundika kibao mlangoni pa bucha: HAPA HATUKATI BAISANI WA KUNUNULIWA.

"Utatuua njaa," Orrin alimwambia. "Royce ndiye mteja wako mkubwa."

"Alikuwa."

Bahati nasibu ya mwaka ule walikosa, kama walivyotarajia. Msimu ukafunguliwa Oktoba, na siku moja ya joto lisilo la kawaida pikapu ya Royce ikaingia uani ikikokota trela. Ndani ya trela alilala dume la baisani, na nzi walikuwa wameshafika. Kando ya Royce aliteremka mgeni aitwaye Prentiss, aliyenunua kibali kwake, amevaa koti jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Kibao unakiona," Marlys alisema.

"Acha utoto, Marlys. Mabucha mengine yako ng'ambo ya milima. Nyama itaoza."

Hilo lilimchoma. Maishani mwake hakuwahi kuacha nyama iharibike. Alimtazama yule dume, ulimi nje, macho yamefunikwa na vumbi, na moyoni akamwomba radhi.

Royce alimsogelea na kushusha sauti. "Sikiliza. Nina kibali kimoja kimebaki. Kichukueni, bure, wewe na Orrin. Kesho nawapandisha kwa gari mpaka juu, Orrin hatatembea hata hatua. We kitoe tu hicho kibao, na mikutano uiache."

Marlys aliuona mlima pale nyuma ya bega la Royce, karibu, kama kitu cha kushika. Akageuka kumtazama kaka yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, kifua kikipiga mluzi. Uamuzi huu haukuwa wake peke yake.

"Orrin, umesikia?"

"Mapafu ndiyo yamekufa. Masikio yapo." Akauvuta mtungi wake karibu. "Royce, na Dell naye anapata?"

"Siwezi kumpa kila mtu, Orrin."

"Basi hicho si kibali. Hicho ni kitambaa cha kunizibia mdomo. Na mdomo, ndugu yangu, ndicho kiungo pekee kinachonifanyia kazi."

Marlys alicheka, machozi yakamtoka hapohapo. Akaingia ndani, akarudi na visu na aproni mbili, akavitupa juu ya meza kubwa ya uani.

"Mimi sikati. Ila kwangu nyama haiozi. Meza hiyo, visu hivyo. Kateni wenyewe."

"Wewe una wazimu," alisema Royce.

"Nzi wanakusubiri, Royce."

Habari ilienea mji mzima. Dell alileta viti vya kukunja, watu wakajipanga kwenye ua kama wanaotazama mechi, na Orrin akawa mtangazaji.

"Fuata kiungo, bwana, usipasue! Royce, hilo ni paja, si gogo la kuni! Nani alikufundisha kushika kisu, mkeo?"

Royce alikata kwa hasira na kujikata kidole mapema tu. Lakini Prentiss, tuseme kweli, hakukimbia. Alivua koti, akauliza, akaelekezwa, akaendelea. Jua lilipoinama alikuwa na damu mpaka viwikoni, na alipokuwa akiosha mikono bombani alimuuliza Marlys, "Nyie mmesubiri tangu lini?"

Marlys alimwambia.

"Hakuna aliyenieleza."

"Hukuuliza."

Prentiss akafunga bomba. Wakapakia, wakaondoka. Marlys alibaki akisugua meza, akisugua pale palipokwisha kuwa safi, maana kesho yake ingekuwa ndiyo siku yao ya kupanda mlimani. Orrin akaburuta mtungi wake hadi mezani, akachukua brashi ya pili. Walisugua pamoja.

Kabla majira ya baridi hayajaisha, mabucha mawili ya ng'ambo ya milima nayo yalikuwa yamekataa baisani wa Royce. Wenye ranchi walianza kulalamika kwamba wageni wao wanahangaika na nyama. Idara nayo ikatangaza kwamba pointi za zamani zinarudishwa. Kuhusu kuuza vibali, haikusema kitu.

"Tumeshinda!" Dell alipiga kelele buchani.

"Tumerudishiwa kilichokuwa chetu," alisema Marlys. "Bado mlima."

Waliomba tena, wakakosa tena, maana nusu ya vibali bado ilikuwa ya wenye ranchi. Safari hii mkutano, wa kujadili uuzaji wa vibali, uliitishwa mji mkuu wa jimbo, mbali, labda kwa matumaini kwamba watu wa Corley wataona uvivu. Ikatangazwa pia kwamba kila msemaji atapewa dakika mbili tu, asiongeze.

Siku ya kuondoka, pikapu zilipanga mstari kutoka buchani hadi kituo cha mafuta. Marlys alimfunga Orrin mkanda, akauweka mtungi katikati ya miguu yake.

"Umeandaa cha kusema?" alimuuliza.

"Sitasema kitu," alisema Orrin. "Dakika zangu mbili nitavuta pumzi tu kwenye kile kipaza sauti chao. Wakae wasikilize."

Marlys akawasha gari.