Bi Mvuko na Hospitali Mbili

Walimwita Bi Mvuko, na jina hilo alilichuma mwenyewe. Kila wakubwa wa hospitali walipomuudhi, muuguzi huyu alivua beji, akaandika barua ya kuacha kazi, akavuka barabara hadi hospitali ya ng'ambo. Huko walimpokea kwa mikono miwili, maana hospitali hizo ziligombea wauguzi mchana kutwa. Mara tatu alivuka, mara tatu wakambembeleza arudi, na kila aliporudi wodi yake iliongezewa wauguzi.

Kisha tajiri mmoja akazinunua zote mbili. Wafanyakazi wakakusanywa, wakaambiwa watulie, hakuna kitakachobadilika. Na kweli, mabango yalibaki na majina yale yale. Ila mashuka yakawa rangi moja, na mlinzi wa ng'ambo akaanza kuonekana lango la huku. Wauguzi wakawa wanaongea kwa kunong'ona. Bi Mvuko akawacheka waoga wale: wakituzidi, si tunavuka?

Jumatatu meneja akatoa agizo. Wodi ya wazazi, vitanda thelathini, muuguzi mmoja kwa zamu. Mmoja, jamani! Bi Mvuko alimwambia wazi kwamba kuna mama atakufa humo akiita. Meneja akatabasamu tu. Basi akaandika barua yake, akaitupa mezani, akatoka kifua mbele.

Ng'ambo alimuulizia matroni, shoga yake wa siku zote. Hakuwepo, wala meza yake haikuwepo. Karani wa ajira akaandika jina lake kwenye kompyuta, akamgeuzia skrini. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa humo, na sahihi yake chini.

"Mama, umeacha kazi kwetu nusu saa iliyopita," akasema karani kwa upole.

"Kwenu wapi? Mimi nimetoka ng'ambo."

"Ng'ambo ndiyo hapa hapa. Nafasi iliyopo ni ile yako, ila utaanza upya kama mgeni."

Hospitali nyingine ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Akasaini mkataba mpya kwa hasira na, tuseme ukweli, kwa woga.

Akavuka kurudi, akaingia wodini peke yake. Kengele ya kitanda cha nne ikalia. Hajafika, ikalia ya kumi na tisa. Kisha kutoka kule mwisho, dirishani, akasikia mwanamke akiita nesi kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiye na nguvu ya kubonyeza kengele. Bi Mvuko akasimama katikati ya wodi, hajui aanze na nani.