Namba za Florian

Watu hudhani sisi wakusanyaji wa mashine za pinboli, ile michezo ya baa ya kupiga mpira wa chuma chini ya kioo, tunazipata mnadani, tumevaa mashati safi, tunainua mikono kwa adabu. Uongo mtupu. Tunazipata mahali ambapo hakuna aliyetutuma. Rafiki yangu Delbert aliipata ya kwake ndani ya banda la kuku, na kuku walikuwa wametaga juu ya kioo. Jamaa mmoja wa mji wa Racine aliikuta katika ukumbi wa kanisa, imefunikwa shuka jeupe, na kila Krismasi walikuwa wakimlaza Mtoto Yesu juu yake bila kujua chini yake kuna kengele na picha za wasichana wa sarakasi. Fundi bomba ninayemjua alivunja ukuta wa baa kuukuu akakuta mbili zimejengewa humo humo, zimesimama gizani tangu enzi ambazo mchezo huu ulipigwa marufuku na mwenye baa aliogopa polisi.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Nilisoma matangazo ya vifo gazetini, nikahesabu siku, kisha nikapita nyumbani kwa marehemu kuuliza kwa upole kama kuna kitu kizito wanachotaka kuondolewa. Mke wangu, Marlene, aliniita fisi. Sikuona sababu ya kubisha.

Lakini hii ninayoisimulia sikuipata kwa ufisi. Niliipata nikiwa kazini, na laiti ningebaki na kazi yangu.

Natengeneza boila za kupashia nyumba joto, upande wa kusini wa Milwaukee, ambako karibu kila mlango una jina la Kipolandi, wangu ukiwemo. Novemba ya mwaka 1998 aliniita mama mmoja mjane, Bernadine Stachowiak, miaka sabini na minne, boila yake imezima na theluji ya kwanza imeshaanguka. Nilishuka katika chumba cha chini ya nyumba, nikabadilisha kifaa kilichokufa, nikawasha. Nilipokuwa nafuta mikono ndipo nilipoona miguu.

Kulikuwa na kitu kirefu kando ya mashine ya kufulia, kimefunikwa kitambaa cha meza, na juu yake taulo zimekunjwa vizuri. Mtu mwingine angeona meza ya nguo. Mimi niliona miguu minne ya chuma iliyoinamia nje kidogo, yenye skrubu za kusawazisha chini, nikajua ni nini.

Mama Stachowiak alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimwomba ruhusa, akatoa taulo mwenyewe, nikafunua. Ilikuwa pinboli ya mwaka 1966, kwenye kioo cha kichwani amechorwa malkia mwenye taji ya matete amekaa ndani ya boti. Rangi nzima, vibao vya kurudishia mpira vizima, hakuna hata ufa. Juu, pale pointi zinapohesabiwa, magurudumu manne madogo yenye tarakimu yalikuwa yamesimama kwenye namba fulani. Niliiona ile namba, nikaipita. Macho yangu yalikuwa yanatafuta kutu.

Nilimuuliza ya nani. Akasema ya mwanawe Florian, aliinunua kwenye baa iliyokuwa inafungwa, kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha ngozi, na kwamba Florian hapendi iguswe. Alisema hivyo hivyo, hapendi. Nikadhani Florian ni mzee mwenzangu, yuko zake Arizona anacheza gofu. Mama akaendelea kunieleza kwamba nyumba imeshauzwa, kabla ya Krismasi anahamia kwa binti yake Green Bay, na binti ameshasema lile jinamizi litupwe.

"Usiruhusu litupwe, mama," nikasema. "Nipe mimi. Nitalitunza kuliko ninavyojitunza."

Alinicheka, akanitazama tumbo. "Hiyo haitakuwa kazi kubwa, kijana." Kisha akasema atafikiria. Kwanza apande juu atafute ufunguo wa kile kimlango cha mbele cha mashine, na aweke kahawa, maana kuna jambo kuhusu mashine ile anataka kuniambia kabla ya yote.

Afadhali angesema palepale. Au mimi ningemfuata jikoni kama mtu mwenye adabu. Lakini niliachwa peke yangu na pinboli nzima ya mwaka 1966, na yeyote mwenye ugonjwa wetu anajua vidole vinavyowasha. Swali letu la kwanza huwa moja tu: inawaka? Nilikagua waya, nikauona mzima. Kidirisha kidogo kilionyesha kwamba mashine ilikuwa bado inadaiwa mchezo mmoja wa bure. Soketi ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nikachomeka, nikabonyeza kitufe chekundu.

Ikaamka. Mota ikanguruma, taa zikawaka nyuma ya malkia, magurudumu yakazunguka kwa kishindo, tak-tak-tak-tak, yakasimama yote kwenye sifuri. Mpira ukadondoka mahali pake. Niliupiga mmoja tu, ukagonga kengele tatu, na nitasema kweli, nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Kisha nikakumbuka nipo nyumbani kwa watu. Nikachomoa waya, nikarudisha kitambaa.

Mama Stachowiak alishuka ngazi upesi kuliko nilivyotegemea kwa umri wake. Hakuwa na ufunguo wala kahawa. Alisimama ngazi ya mwisho ameshika ukuta, anahema, ananitazama. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema yuko salama, ni pumzi tu. Akaketi palepale kwenye ngazi, akanisimulia lile jambo.

Florian aliitwa jeshini kwenda vitani mwaka 1971, ana miaka ishirini. Asubuhi ya kuondoka, begi liko mlangoni na baba yake anapiga honi nje, kijana alikuwa bado yuko chini anacheza. Akamwita mama yake kwa kelele, njoo uone, njoo uone. Alikuwa amefikisha pointi ambazo hakuwahi kuzifikisha, wala yeye wala rafiki zake wote wa mtaani. Akachomoa waya kwa mkono wake. Akamwambia, mama, mtu asiiguse hadi nirudi, vinginevyo hawataniamini.

Hakurudi. Aliletwa Mei iliyofuata, ndani ya sanduku lililofungwa, na wazazi wakashauriwa wasilifungue.

Sasa, pinboli za zamani zina tabia hii: magurudumu yake ni ya kuzunguka, kama ya mita ya gari. Ukikata umeme yanabaki yalipo, mwaka mmoja au mia. Namba ya mchezo wa mwisho inakaa hadi mtu aanzishe mchezo mpya. Mama huyu hakujua lolote la mitambo, lakini hilo alilijua. Miaka ishirini na saba alipangusa vumbi kila Jumamosi na akahakikisha hakuna mkono unaokaribia ile soketi. Na mimi pia nilijua, mimi ninayejiita mtaalamu. Nililijua kuliko yeye.

"Ukinipa neno lako kwamba hutaifuta, ni yako," akasema. "Sitaki hela. Nataka neno." Kisha akauliza, taratibu, macho yake kwenye kitambaa: "Namba bado ipo, si ndiyo?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama mlango wa ghala.

"Ipo, mama," nikasema.

Hakufunua kitambaa. Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nije na gari Jumanne.

Nilikuja Jumanne pamoja na Delbert, tukaibeba. Mama Stachowiak alikaa jikoni, hakushuka. Delbert alipiga miluzi njia nzima akisema nimezaliwa na bahati, na nilitamani afunge mdomo.

Nyumbani nilifungua kichwa cha mashine nikakaa mbele yake. Yale magurudumu unaweza kuyasogeza kwa kidole. Ni kazi ya dakika moja. Nilichokosa ni namba. La kwanza lilikuwa tatu, kwa hilo ningeapa. La pili saba au moja. Mengine mawili hayakuwepo kichwani mwangu kabisa, maana sikuwahi kuyaweka. Nilijaribu 3720. Nilijaribu 3160. Kila nilichoweka kilionekana kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua. Siku nne sikula vizuri, nikawa mkali kwa kila mtu, na mwisho Marlene akaniuliza ni kitu gani kimeniingia. Nikamwambia.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. "Maji yakimwagika hayazoleki, Roland," akasema. "Lakini huyo mama bado anadhani kikombe kimejaa. Nenda."

Nilikwenda Jumamosi mchana. Nilibeba keki ya Kipolandi ya mbegu za popi kutoka kwa waokaji wa mtaani, kama mtu anayekwenda msibani, na mfuko wake ulinitia aibu kabla hata sijabisha hodi. Nyumba ilikuwa imejaa maboksi. Mama Stachowiak alikuwa amesimama mezani anafunga sahani kwa magazeti. Nikavua kofia, nikamwambia yote bila kujipamba: waya, kitufe, sifuri, uongo. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi na kuomba namba, ili niirudishe kama ilivyokuwa, na kwamba nitaapa kwa chochote anachotaka.

Alimaliza kufunga sahani aliyoishika.

"Namba naijua," akasema. "Naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Sikupi."

Nikamwambia nastahili kunyimwa.

"Si adhabu, mwanangu. Wewe utaiweka kwa kidole. Yeye aliiweka kwa kucheza. Ukiiweka wewe itakuwa namba tu."

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, alijua tangu lini.

"Tangu ulipobonyeza. Jiko liko juu yake, hujui? Miaka miwili mvulana yule alicheza chini ya miguu yangu nikipika. Ile sauti ya kuanza mchezo naijua." Alichukua sahani nyingine, akaishika tu. "Nilikuwa nachota kahawa. Nikaisikia ikinguruma, nikasikia kengele tatu. Na nilisahau, Roland. Nilisahau wewe upo. Nilisahau kila kitu, na maziko, na Mei. Niliacha kijiko nikashuka kumwambia chakula tayari."

Nje gari la kusafisha theluji lilikuwa linapita, na alingoja lipite.

"Ngazi ni kumi na mbili," akasema. "Ngazi kumi na mbili nzima alikuwa amerudi. Halafu nikafika chini nikakuona wewe."

Nilisema samahani. Nililisema mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa dogo.

"Kwa hiyo usiniulize kama nimekusamehe," akasema. "Tangu siku ile nakaa hapa, nafunga vyombo, na sijui kama nikulaani au nikuombe uibonyeze tena."

Aliirudisha ile sahani mezani bila kuifunga, akavuta kiti akaketi, akanipa mgongo. Nilibaki nimesimama na keki yangu mkononi hadi aliponiambia nifunge mlango, baridi inaingia.