Uzi Mfupi wa Nondo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye mashine ya kusaga, Fransiska alipepeta debe moja la mahindi uani. Jumanne ile ungo ulikuwa bado hewani nondo walipotoka kwenye mahindi, kila mmoja akiburuta nyuzi mbili. Madume walikuwa na nyuzi mbili ndefu nyeupe. Majike walikuwa na uzi mmoja mrefu na mmoja mfupi wa kahawia. Fransiska alisubiri watoke wote, akaendelea kupepeta.

Kufikia saa nne nyuzi zilikuwa zimewatoka watu pia, Gitting nzima, kwenye mikono ya nguo. Kwa watu ilikuwa kinyume: wanawake walikuwa na mbili ndefu, na uzi mfupi walikuwa nao wanaume. Alfredi, mume wa Fransiska, aliuchomeka wake ndani ya koti usije ukachafuka, kwa kuwa mchana alikuwa na kikao.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Manyara iwe mkoa. Kikao kilikuwa cha ukoo: Fransiska amezaa wasichana sita, arudishwe kwao Endagikot. Tangu Jumapili Alfredi alikuwa akilitoa nje gunia la nguo za mkewe, na Judith, binti yao wa pili, akilirudisha ndani.

Kikaoni, nondo walizunguka juu ya vichwa vya wazee bila kutua. Hhando, kaka mkubwa wa Alfredi, aliwafukuza kwa kofia.

"Wewe mwalimu," alimwita Judith, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu. "Hizi nyuzi ni za nini?"

Judith alisimama nyuma ya mama yake. "Shikamooni."

"Marahaba. Sema."

"Uzi mfupi ndio unaoamua mtoto awe jike au dume. Kwa nondo, anao mama. Mama ndiye anayeamua."

"Umesikia, Alfredi? Hata wadudu wanajua ni mama!"

"Na nyuki?" aliuliza mzee mmoja mwenye mizinga.

"Nyuki dume hana baba kabisa."

"Basi huyo tusimwite kikaoni." Walicheka.

Judith alitaka kuendelea. Baba yake alimtazama, Judith akakaa.

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Nyuzi fupi tisa zilining'inia kutoka mikono tisa. Hakuna aliyezitaja.

Saa nane basi lilisimama barabarani. Fransiska alikaa dirishani, akazikunja nyuzi zake ndefu mapajani zisije zikabanwa na mlango. Alfredi alikuwa akimpandishia kondakta gunia.

"Baba," alisema Judith.

"Nini tena?"

"Kule kikaoni niliacha nusu. Kwa watu ni baba. Wasichana wote sita, ni wewe."

Alfredi aliutazama uzi wake, uliokuwa umechomoka tena.

"Najua," alisema, akagonga ubavu wa basi mara mbili ili liondoke.