Kizimba cha Bi Siwema

Nchi ya Surubati ilikuwa imejinyoosha kando ya mto mpana, soko lake la samaki chini, na juu kilimani Baraza la Wenye Viti, watu wa mashavu yanayong'aa kama maandazi yaliyotoka mafutani, ambao kila walipozaa walichonga kiti, na kila walipoozesha walichonga viwili, hata Baraza likafurika, viti vikateremka ngazi, vikavuka barabara, vikaingia sokoni, na kila kiti kina tumbo lake, na kila tumbo lina fungu lake la samaki.

Samaki wakapungua. Baraza likakaa siku saba likampata mwizi: paka.

Bi Siwema, mkaanga samaki, ambaye kibandani kwake umbea ulifika kabla ya mwenye umbea, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Miaka tisa alikuwa akiwatega paka wa soko kwa kizimba na dagaa wawili, akiwapeleka kwa Daktari Makame wahasiwe na wakatwe ncha ya sikio la kushoto iwe alama, kisha akiwarudisha palepale walipotoka. Hawakuzidi, na panya hawakuthubutu.

Magunia ya Baraza yakaja asubuhi. Paka wote wakavushwa mto, na Shombo, paka wake Siwema mwenye chongo, akiwamo.

Tangu hapo, kila adhuhuri, Siwema aliweka kichwa cha perege juu ya kigae. Kibanda kilijaa wageni na vicheko, ila muundi wake uliutamani ule mgongo wa Shombo uliokuwa ukijisugua pale.

"Shoga, yule keshaolewa ng'ambo!" akamtania Chausiku, jirani yake.

"Mdomo wako huo!" akajibu, na kichwa asikiondoe.

Panya wakapanda kilima wakatafuna sufi ya viti. Nyuma ya panya wakaja paka wageni, masikio kamili, wakazaa humohumo kwenye viti. Mwenye Kiti Mkuu akashuka mwenyewe sokoni.

"Bibi, wewe uliwazuiaje wasizidi?"

"Mtukufu, ukiwafukuza, wanakuja wengine wenye njaa zaidi. Mimi namkamata kwa upole, nahakikisha hazai tena, namtia alama sikioni, namrudisha kwao. Anakula kiasi chake, anazeeka kwa amani."

Kisha Chausiku akauliza, "Shoga, hicho kizimba hakichongwi kikubwa?"

Kicheko kikapasuka. Mkuu hakucheka, mkono wake ulipanda taratibu ukashika sikio la kushoto.

Kesho yake maseremala wa soko walishinda wakigonga nyundo, na keshokutwa yake, mlangoni pa Baraza, kikaonekana kizimba cha kimo cha mtu, ndani yake kiti kipya cha sufi. Siwema alikwenda kutega kizimba chake kidogo ukingoni mwa mto, kwa dagaa wawili, akarudi kibandani kumngoja Shombo.

Adhuhuri ukasikika mlango wa kizimba ukijifunga kwa kishindo. Mmoja tu, wa kizimba kipi haikujulikana.

Soko zima likageukia kilimani, shingo ndefu. Siwema akanyakua kichwa cha perege, akakimbilia mtoni.